Jani la karatasi mkononi mwa mzee

Katika nchi ya Japani kuna kazi moja ambayo mtu wa kwetu akiisikia mara ya kwanza anaweza kucheka, kisha akakasirika. Katika nyumba za kutunzia wazee, unapofika mwezi wa tisa, watu wa miaka 80, 90 na kupita wanaketi kuzunguka meza. Mbele yao kuna karatasi nyekundu, za manjano na za kahawia, makasi na gundi. Wanakata, wanakunja, wanachana kwa vidole, wanabandika. Mwishowe ukuta mzima wa chumba kikubwa unakuwa mti wa majani mekundu, chini yake uyoga na viazi vitamu, juu yake kereng'ende na mwezi wa duara. Mwezi wa kumi na mbili vyote vinabanduliwa, inaingia theluji ya pamba.

Mtu atauliza: hiyo si kazi ya watoto wa materneli? Mzee aliyelima, aliyezaa na kuzika, aliyeendesha treni ao kufundisha hesabu, leo anapewa gundi? Swali hilo si la Wajapani peke yao. Sisi tunaoandika katika kitabu hiki juu ya desturi, tunaojisifu kila siku kwamba Mwafrika anajua kuheshimu wazee, linatugusa pia. Tuliseme wazi: kumpa mzee kazi ndogo ya mikono, isiyoleta feza wala chakula, ni kumheshimu ao ni kumshusha?

Tusihukumu kabla ya kufahamu. Mwaka 2024, katika kila Wajapani 100, karibu 29 walikuwa na miaka 65 ao zaidi. Ni watu kama milioni 36. Watoto wako mjini, nyumba ni ndogo, mke na mume wote wanafanya kazi. Sheria ya mwaka 1963 iliweka nyumba za pekee kwa wazee wasiojiweza. Tangu mwaka 2000 kuna bima ya utunzaji: kila mtu kuanzia miaka 40 anaichangia, na siku akihitaji musaada, wengi wanalipa sehemu moja tu juu ya kumi, wenye mapato makubwa mbili ao tatu. Wazee wengine wanaishi kabisa katika nyumba hizo. Wengine wanakuja kwa siku tu: gari inawachukua asubuhi, wanaogeshwa, wanakula, wananyoosha viungo, wanafanya kazi ya mikono, jioni inawarudisha kwao.

Kwa nini basi wapambe ukuta, na kwa nini hasa majira hayo? Hapa mwalimu wa Kiswahili anapata taabu kidogo. Kamusi zinasema majira hayo ni vuli. Lakini vuli, kwa watu wa pwani ya mashariki, ni mvua fupi za mwisho wa mwaka, hakuna habari ya majani. Sisi wa Kivu hatuna vuli wala hatuna miti inayogeuka damu: tuna kiangazi na tuna mvua, na wakati milima ya Japani inapokuwa myekundu, mwezi wa kumi na moja, maharagi yetu ya mvua ya kwanza yamekwisha kuchanua. Tutasema tu majira ya majani kuanguka.

Kwa Mjapani majira hayo ni kitu kikubwa. Watu wanapanda milima kwa ajili ya kutazama majani tu, na jina la matembezi hayo, momijigari, maana yake ni kuwinda majani mekundu. Kuna usiku wa mwezi mpevu, siku ya 15 ya mwezi wa nane wa kalenda ya zamani, ambapo wanaweka nje majani marefu ya susuki na vidonge vya unga wa mchele, wakautazama mwezi. Ndani ya mwezi huo wanaona sungura anatwanga kwenye kinu. (Mama zetu wangetaka kujua anatwanga nini, ni mchele wa kufanyia mikate.) Tena ndiyo majira ya wazee kwa sheria: tangu mwaka 1966 kuna sikukuu ya taifa ya kuheshimu wazee, iliyokuwa tarehe 15 ya mwezi wa tisa, na tangu mwaka 2003 ni siku ya kwanza ya tatu ya mwezi huo.

Sasa mfikirie mtu ambaye hatoki tena. Chumba kina joto lile lile, taa ile ile, uji ule ule. Dirisha linaonyesha maegesho ya magari. Kwa mtu kama huyo mwaka umekufa. Jana na mwezi uliopita ni kitu kimoja. Kama tena akili yake imeanza kupotea njia, hajui kama ni asubuhi ya kupanda ao ya kuvuna. Ukuta unamwambia. Yeye mwenyewe amekata jani jekundu, analiona kila anapopita kwenda kula. Mtu ana haki ya kujua yuko wapi ndani ya mwaka, na haki hiyo hatukuisoma katika sheria yoyote, lakini ukimnyima mtu utaona anavyozimika.

Juu ya ugonjwa huo wa kusahau, Wajapani walifanya jambo moja linalostahili kuigwa. Jina lake la zamani lilikuwa na maana ya upumbavu. Mwaka 2004 serikali ililiacha, ikachukua neno ninchishō, yaani ugonjwa wa utambuzi. Huku kwetu bado tunasema "koko amerudi mtoto", na tunasema kwa mapenzi, tukicheka. Tunafikiri ndani ya maneno hayo ndipo kosa lote linapozaliwa.

Kwa sababu mzee hakurudi mtoto. Mtoto akikata karatasi anajifunza kukata. Kazi iko mbele yake, makasi ni mlango wa mambo atakayofanya kesho. Mzee akikata karatasi mikono yake inakumbuka. Nyuma ya jani lile kuna nguo alizoshona, samaki aliopasua, nywele za watoto alizonyoa. Ukiangalia kwa macho tu, ni tendo moja. Sisi walimu tunajua kwamba kazi ya mikono ya mwanafunzi inapewa pointi, na pointi ina maana kwa sababu mwanafunzi bado anapanda. Nani atampa pointi mwanamke wa miaka 88? Mfanyakazi wa miaka 24 akimwinamia na kusema "Vizuri sanaaa! Umeweza!" kwa ile sauti ya kubembelezea mtoto mchanga, matusi yameingia hapo, katika sauti. Karatasi haina kosa.

Tena kuna mambo ambayo karatasi yenyewe inafundisha. Ile ya kukunjia, origami, kwa kawaida ni mraba wa sentimeta 15. Wako mabibi wengi kule wanaokunja korongo wa karatasi bila kuangalia, wakati yule kijana anayewahudumia lazima afungue kitabu. Hapo ngazi inageuka: mfanyakazi anakuwa mwanafunzi. Vilevile kuna namna ya kuchana karatasi kwa vidole na kubandika vipande mpaka picha itokee, inaitwa chigiri-e. Inawafaa wale ambao mikono inatetemeka na hawawezi kushika makasi, na ukitumia karatasi ya zamani ya Japani, ile ambayo ufundi wake UNESCO iliuandika katika urithi wa dunia mwaka 2014, pembe iliyochanika inatoa nyuzi laini kama manyoya. Makasi hayawezi kufanya hivyo. Mkono unaotetemeka unaweza.

Wasomaji wetu wa Mwenga, Shabunda na Pangi watatusaidia kufahamu jambo hili kuliko profesa yeyote. Katika Bwami ya Balega, vitu vya kufundishia vilikuwa nini? Mdomo wa ndege, gamba la kakakuona, kombe, mfupa, sanamu ndogo ya mti ao ya pembe. Mtu asiyeingizwa angevikuta njiani, vingi asingeviokota. Lakini mkononi mwa mkubwa wa cheo, pamoja na methali yake na mchezo wake, mdomo wa ndege ulikuwa sheria. Mwaka 1948 utawala wa Wabeleji uliifuta Bwami kwa amri. Sanamu zikaenda kukaa katika vioo vya makumbusho ya Ulaya, nzuri, zimenyamaza. Uzito wa kitu kidogo unatoka kwa mtu mwenye umri anayekitilia neno. Basi na jani la karatasi la Japani ni hivyo hivyo. Mzee akilibandika kimya kwa sababu saa ya kubandika imefika, ni mchezo wa watoto kweli. Akilishika na kusema "kwetu mlima ulianza kuwaka kileleni, ukashuka polepole mpaka kwenye mto", na mtu akamsikiliza mpaka mwisho, jani hilo limekwisha kuwa kitu kingine.

Kusikiliza huko kuna hatari zake. Tuchukue kile kiazi kitamu cha karatasi. Kwa mfanyakazi kijana ni pambo zuri la majira: rangi ya zambarau, kinaotwa kwenye moto wa majani makavu, harufu tamu. Lakini mzee aliyezaliwa mwaka 1936 alikuwa mtoto wa miaka tisa vita vilipomalizika mwaka 1945. Mchele ulikosekana. Watu walikula viazi vitamu na maboga mpaka na mashina ya viazi yenyewe, na wako wazee ambao tangu siku hizo hawataki kuviweka mdomoni. Unampa mzee huyo kiazi cha karatasi akate, anasukuma mbali. Ataandikwa katika daftari kuwa "hashiriki". Je, ni nani hapo aliyeshindwa kushiriki? Watu wa Kivu wanaweza kulijibu hilo bila kufundishwa. Tunavyo vyakula vyetu ambavyo vinatukumbusha msitu na kambi.

Ndiyo maana kwetu sisi alama ya kwanza ya heshima ni kama mzee anaweza kusema hapana. Alama ya pili ni kama anaweza kusahihisha: "majani ya susuki hayainami hivyo", na ukuta ukabadilishwa kwa neno lake. Mwaka 1976 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Ellen Langer na Judith Rodin, walieleza majaribio waliyofanya katika nyumba moja ya wazee kule Connecticut. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa kwamba maisha yao pale ni juu yao kuyapanga, wakapewa kila mmoja mmea wa kutunza mwenyewe. Wa ghorofa nyingine waliambiwa wafanyakazi watawaangalia vizuri, wakapewa pia mmea, lakini wauguzi ndio watakaoutilia maji. Baada ya majuma matatu wale wa kwanza walikuwa wachangamfu zaidi na wenye furaha zaidi. Mmea ni ule ule. Wema ulikuwa katika ghorofa zote mbili, tena labda wa pili ulikuwa mtamu zaidi masikioni.

Tuseme pia juu ya wafanyakazi, maana ni rahisi kuwahukumu tukiwa tumeketi. Mikono ni michache. Serikali ya Japani ilihesabu mwaka 2024 kwamba kufikia mwaka 2040 itahitaji watunzaji 570,000 zaidi kuliko waliokuwako mwaka 2022. Mtu mmoja ana wazee wengi wa kuogesha, kulisha, kubadilisha nguo. Ukuta unamngoja jioni. Familia zinakuja Jumapili na zinataka kuona ukuta mzuri. Basi kuna kishawishi: jani lililobandikwa upande linabanduliwa usiku na kunyooshwa, mwezi uliokatwa kama yai unakatwa upya kuwa duara. Asubuhi ukuta unapendeza na hakuna mzee hata mmoja ndani yake. Hapo tunauliza: ukuta ni wa nani? Kama ni wa wageni, wapake rangi tu, wawaache wazee walale. Kama ni wa waliouketi, mwezi wa yai ubaki yai.

Kuna wale ambao ugonjwa umewafikisha mbali, hawawezi kuchagua rangi wala kushika kitu. Desturi ni mfanyakazi kushika mkono wa mzee na kuuongoza mpaka ubandike. Ni kazi ya nani hiyo? Hapa tunasita. Macho ya mzee yakiufuata mkono, tunasema ni yake, kama vile mtoto wa kwanza anavyoshika mkono wa babu kumwaga divai ya ndizi, na kasiksi ni ya babu. Macho yakiwa yamekwisha kwenda pengine, afadhali aachwe atazame wengine. Kutazama nako ni kukaa mezani.

Wajapani wenyewe wana hadithi inayowasumbua. Katika mkoa wa Nagano kuna mlima unaoitwa Obasute, maana yake kumtupa mama mzee. Inasemekana zamani mtoto alimbeba mama yake mgongoni akamwacha mlimani. Wataalamu hawaoni ushahidi kwamba lilikuwa jambo la kawaida, lakini hadithi haikufa, na mlima huo ndio mmoja wa mahali panaposifiwa zaidi nchini kwa kutazama mwezi wa majira haya, unaong'aa katika mashamba ya mpunga ya ngazi. Katika namna nyingine ya hadithi, mtoto anashindwa kumwacha, anamrudisha na kumficha. Baadaye mtawala jirani anatisha nchi kwa mafumbo: nipeni kamba iliyosukwa kwa majivu. Vijana wote wanashindwa. Mama aliyefichwa anasema: suka kamba ya majani makavu, ilowe maji ya chumvi, kisha ichome bila kuigusa. Nchi inapona, amri inafutwa. Ni hadithi nzuri, lakini ina mwiba wake: mama aliokolewa na akili yake. Je, kama asingejua fumbo?

Hapa msomaji wetu anatukatiza: "Siye hatutupake bazee betu. Hatuna hizo nyumba." Nyumba za wazee zipo kwetu, chache, nyingi za mapadri na masista, na hazikosi watu. Mwaka 2021, huku Kivu Kusini, wanawake wazee waliuawa na vijana wa vijiji vyao kwa kushitakiwa ulozi. Wakati wa kukimbia, kila mtu anajua ni nani anayebaki kwenye kitanda. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 49, inampa mtu mzee haki ya ulinzi wa pekee kwa mahitaji ya mwili, ya akili na ya moyo wake. Tuisome kwa sauti mbele ya wanafunzi, itatuchukua dakika moja.

Tena kuna kutupa kwa upole. Tunamtoa mama kijijini, tunamleta mjini, tunamketisha kwenye fotei ya salon mbele ya televisheni. Anaona maharagi kwenye lungo, ananyoosha mkono ayachambue. Binti anaruka: "Hapana koko, pumzika, umetumika ya kutosha." Ni heshima. Majirani wanasifu. Koko anarudisha mkono juu ya magoti, na kuanzia siku hiyo hakuna kitu katika nyumba ile kinachongoja vidole vyake. Mjapani anampa mzee karatasi na pengine anamdharau. Sisi tunamnyang'anya lungo na kuita heshima. Tukilazimishwa kuchagua, tunachagua karatasi, ingawa lungo lingekuwa bora kuliko vyote viwili, kwa sababu maharagi yale yataliwa.

Hata hivyo tusikimbilie kusema kwamba mzee lazima afae kitu. Ndilo kosa la ile hadithi ya kamba. Mganga wa akili mmoja Mjapani, Kamiya Mieko, aliyetumika katika hospitali ya wakoma ya kisiwa cha Nagashima, aliandika mwaka 1966 kitabu juu ya ikigai, yaani kile kinachomfanya mtu aone maisha yake yana maana ya kuishiwa. Alikuwa kati ya watu waliotengwa na dunia, wengi bila tumaini la kurudi kwao, na aliona kwamba katika ugonjwa ule ule, chini ya paa lile lile, wengine walikuwa na kitu hicho na wengine hawakuwa nacho. Ukuta wa majani haumfanyi mzee awe wa faida. Unamfanya awe mmoja wa wanaongojewa: pale juu kushoto bado patupu, panangoja jani lake.

Linabaki jambo la mwisho, ambalo katika nyumba za namna hii haliwezi kukosa kutokea. Mzee anabandika jani mwezi wa tisa, anafariki mwezi wa kumi, na majani yanabanduliwa mwezi wa kumi na mbili. Wengine wangeliondoa jani lake mapema, usiku, wenzake wasiulize. Sisi tunaona libaki, na jina lake chini yake kama majina mengine, na wenzake wa meza waambiwe, hata wale watakaosahau na kuuliza tena kesho. Kisha siku ya kuweka theluji, litiwe katika bahasha na kupewa watoto wake, pamoja na miwani na viatu.